Sema Kumi na Nane

Siku ya pili ya semina, muda mfupi kabla ya chai, zahanati yetu ilipigiwa makofi.

Mwezeshaji alikuwa Gloria, mama wa makamo kutoka Dodoma, msomi hasa, mwenye sauti ya upole na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Bariadi lilikuwa limeshavimaliza. Tulikuwa watu kama thelathini katika ukumbi mmoja pale Somanda: manesi, walimu, maofisa ustawi wa jamii, na askari wa dawati la jinsia na watoto. Tulikuwa tunafundishwa namna ya kumtambua mtoto anayetumikishwa au kunyanyaswa na watu wazima, na hatua za kuchukua ukishamtambua. Nje bodaboda zilikuwa zinapiga honi, ndani watu walikuwa wananusa chapati.

Gloria akawasha projekta. Ukutani likatokea jedwali la vituo vya afya na idadi ya wajawazito walio chini ya miaka kumi na nane. Kila kituo kilikuwa na namba yake. Kumi na mmoja. Ishirini na watatu. Tisa. Kufika kwetu, sifuri. Mwaka jana sifuri, mwaka juzi sifuri, miaka minne mfululizo.

"Nani anatoka kituo hiki?" Gloria akauliza.

Nikanyoosha mkono. Jina la kijiji chetu nitaliacha. Ni upande wa Itilima, ukishapita Zagayu unaendelea mbele, na hakuna anayeendelea mbele bila sababu. Mimi ni nesi pale, mwaka wa kumi na moja sasa.

"Karibu mbele, sista. Jina lako?"

"Violeth."

"Sista Violeth, hebu wape wenzako siri ya mafanikio."

Nilisimama mbele ya watu, mwanga wa projekta ukinipiga usoni, ile sifuri ikiwa imeniangukia mahali fulani begani. Nikasema, "Elimu kwa jamii."

Wakaandika. Niliwaona kwa macho yangu, watu wazima wenye vyeti vyao, wameinamisha vichwa wanaandika "elimu kwa jamii" kwenye madaftari ya semina. Gloria akaomba makofi matatu ya pamoja, yakapigwa, nikarudi kukaa. Nilijitafuta aibu nikaikosa. Nilijitafuta hata hofu, nayo haikuwepo. Moyo ulikuwa umekufa ganzi siku nyingi, kama mguu uliokaliwa kanisani wakati wa mahubiri marefu, na mimi nilikuwa nimeshazoea kutembea nao hivyohivyo.

Nieleze ile sifuri ilipatikanaje, maana haikushuka kutoka mbinguni.

Miaka mitano nyuma aliletwa kliniki binti mmoja, Salu, ameshikwa mkono na bibi yake. Nilimuuliza umri, bibi akajibu kumi na nne, nikaandika kumi na nne. Utaratibu ni kwamba nikiandika hivyo natoa taarifa, na mimi enzi hizo nilikuwa mtu wa utaratibu. Nikatoa. Gari la polisi likaja siku ya mnada, watu wote wapo. Baba yake Salu akaona kijana aliyekuwa ameshamtolea ng'ombe za mwanzo za mahari anakwenda jela na yeye mwenyewe pamoja naye, akamhamisha binti usiku uleule akamficha kwa ndugu huko porini. Salu hakuonekana tena kliniki. Aliletwa siku ya tatu ya uchungu, amefungwa kwa kanga mgongoni kwa dereva wa pikipiki ili asianguke. Alifia kwenye baraza letu, na mtoto wake naye.

Wakati ule nililia. Nataka ijulikane kwamba nililia.

Baada ya mazishi, miezi miwili hakuna binti aliyekanyaga kliniki. Benchi la wajawazito likawa la wanawake watu wazima tu. Mimba za mabinti hazikukoma, sisi tu ndio tulikuwa hatuzioni. Ndipo Jumanne moja akaja mmoja, mwembamba, amejifunika kanga mpaka kichwani. Nikamuuliza umri, akaivuta kanga akaficha na uso. Mganga mfawidhi wetu, Mayige, alikuwa nyuma yangu anapanga dawa kabatini. Bila kugeuka akasema, "Andika kumi na nane."

Nikaandika. Hatukulizungumza tena lile jambo, si siku ile, si siku nyingine yoyote. Na mabinti wakarudi. Walikuja mapema, wakameza vidonge vya damu, wakachukua vyandarua, wakajifungulia kwetu. Hakufa hata mmoja. Kadi zao zote zilisema kumi na nane, rejista ikasema kumi na nane, na makao makuu wakaona sifuri wakafurahi. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo wanavyosema. Sisi tulifunika miaka minne, na mwanaharamu alikuwa anapita kila Jumanne.

Tena niliwafundisha. Nilikuwa nawaambia: mtu akikuuliza, awe mwenyekiti wa kijiji, awe daktari wa wilaya, awe polisi, sema kumi na nane. Ukisema hivyo hawakufanyi kitu. Sema tena nikusikie. Nao walisema. Wengine hawajawahi kuingia darasani, hawajui hata kuhesabu kufika huko, lakini hiyo namba walitoka nayo.

Baada ya chai tuligawanywa vikundi. Kundi letu lilikuwa na Mwalimu Mayunga, mtu wa Lalago aliyehamishiwa Bariadi, mnene, mcheshi, anayependa kusoma kwa sauti. Na Afande Paschal, askari wa dawati, kijana mkimya mwenye simu mbili. Tukapewa karatasi yenye kisa cha "Mtoto A" tukitafutie viashiria.

Mwalimu Mayunga akasoma kama yuko mbele ya darasa la tano. Mtoto A yuko mbali na kwao. Anafanya kazi ya shamba na ya nyumbani. Hajui ujira wake unakwenda kwa nani. Akiulizwa swali, mtu mzima aliyefuatana naye ndiye anayejibu.

"Hivi ni viashiria vinne au vitano?" Mayunga akauliza, kalamu mkononi.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka pale kwa mawazo. Mtoto A nilikuwa namfahamu. Anaitwa Nyamizi.

Alikuja kwetu mwezi wa tano, pamba ikiwa imeanza kupasuka. Aliletwa kwa pikipiki na Marcelo. Marcelo ni karani wa mizani ya pamba kijijini, mtu wa watu, kanisani anakaa mbele, na ana mashamba makubwa kuliko mtu mmoja anavyoweza kuvuna. Kila msimu, tangu palizi, huleta watoto kutoka mbali kumlimia na kumchumia. Wanalala kwenye ghala lake, kijiji kizima kinawaita watoto wa Marcelo, na hakuna aliyewahi kuuliza ni wa nani hasa. Siku ile alikuja na barua ya mwenyekiti inayosema binti hana mwenza na kwamba yeye Marcelo ni mlezi wake. Barua za namna hiyo tunazipokea kila wiki kwa wanaokuja bila mwanamume.

Nikimuuliza Nyamizi jina, Marcelo anajibu. Nikimuuliza anatoka wapi, Marcelo anajibu. Nilimwomba atoke nje kama taratibu zetu zinavyotaka, akatoka akasimama mlangoni, kivuli chake kikabaki ndani. Nyamizi alikuwa na mikwaruzo kwenye vidole vyote, ile inayoletwa na makaka ya pamba. Nilimsemesha kwa Kisukuma, ambako mama ni mayu, ili atulie.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Sijui. Mayu anasema nilizaliwa wakati wa kampeni."

"Kampeni zipi?"

"Gari la matangazo lilikwama kwenye mchanga wa mto. Mkunga akatoka kwenda kuliangalia, nikazaliwa akiwa huko nje." Akacheka kidogo, maana ni wazi ndicho kisa chake pekee, na alikuwa amekisimulia mara nyingi. "Tangu hapo watu wamepiga kura mara mbili. Mwaka huu watapiga tena."

Hesabu hiyo hata mimi naijua, kura ni kila miaka mitano. Kumi na nne, kumi na tano hajafika. Nikamuuliza baba wa mtoto aliye tumboni ni nani. Aliangalia kile kivuli mlangoni, kisha akaangalia miguu yake.

Kwa hiyo nilijua. Nisije nikajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nilijua umri, nilijua mtu. Nikachukua kadi nikaandika kumi na nane. Nikamfundisha kama nilivyowafundisha wenzake, akarudia mara tatu, mara ya tatu bila kukosea. Kwa wale wengine nilikuwa namficha binti asije akafia porini. Kwa Nyamizi nilimficha Marcelo, na sikuona tofauti yoyote, maana mkono ulishazoea. Marcelo alipokea kadi, akaisoma, akaikunja vizuri, akaniambia, "Ahsante sana, sista." Nikaita anayefuata.

"Sista Violeth, viashiria vinne au vitano?" Mayunga akarudia.

"Vitano," nikasema.

Wakati wa chakula Afande Paschal alikuja na sahani yake akakaa mbele yangu. Alikula wali mpaka nyama ikaisha, kisha akasukuma sahani pembeni akachukua simu moja.

"Sista, nina kesi mezani inafanana na kile kisa cha asubuhi. Mama mmoja, Milembe, ametoka huko Maswa kuja kumwona binti yake aliyekwenda kuchuma pamba. Kafika kamkuta ana mimba kubwa. Kamchukua akaja naye kituoni kwetu. Tukamkamata yule bwana. Jioni ndugu zake wakaleta kadi ya kliniki, akapata dhamana."

Akanigeuzia simu. Ilikuwa picha ya kadi. Jina la Nyamizi, umri kumi na nane, muhuri wa zahanati yetu, na mwandiko wangu.

"Mtoto hana cheti cha kuzaliwa," akaendelea. "Hakubatizwa, hakusoma. Nimetafuta. Karatasi pekee yenye jina lake ni hii. Na yeye mwenyewe hasemi na mtu, siku ya nne leo. Mama yake anasema kamzaa wakati wa kampeni, lakini mwanasheria wa yule bwana ataniuliza kampeni ni cheti? Kesho saa nne anahojiwa na ofisa ustawi. Nisipopata kitu cha kusimamia umri, jalada linafungwa, na nasikia huyo Marcelo ameshaanza kuongea na upande wa baba wa binti ili amwoe yaishe."

"Atamwoa?"

"Ana wake wawili, sista. Atamrudisha kwenye ghala." Akaniangalia. "Wewe ulimwona. Ana kumi na nane huyu?"

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu la Kiswahili, hapana, herufi sita, la kusema sahani ikiwa mbele yangu. Badala yake nikamuuliza, "Kadi inasema ngapi?"

"Kumi na nane."

"Basi," nikasema.

Paschal akarudisha simu mfukoni. Hakukasirika, au kama alikasirika hakunionyesha. Mimi nikamaliza wali wangu wote, na tikiti nikala. Nalisema hilo kwa sababu ndilo linalonishangaza mpaka leo: kwamba nilikuwa na hamu ya kula.

Mchana, ili watu wasisinzie, Gloria akataka igizo. Tulichaguliwa kwa vikaratasi. Mwalimu Mayunga akatoka kuwa nesi, mimi nikatoka kuwa mtoto. Watu wakacheka, maana Mayunga hakuwa na umbo la nesi na mimi nilishapita utoto siku nyingi. Tukawekewa viti viwili mbele. Gloria akaniambia nisitunge mambo makubwa, nijibu tu kama mtoto wa huku kwetu anavyoweza kujibu.

"Una miaka mingapi, mwanangu?" Mayunga akaniuliza kwa sauti nyembamba, watu wakacheka tena.

Sikuwa nimepanga kusema chochote. "Sijui," nikasema. "Mayu anasema nilizaliwa wakati wa kampeni. Gari la matangazo lilikwama kwenye mchanga wa mto. Mkunga akatoka kwenda kuliangalia, nikazaliwa akiwa huko nje. Tangu hapo watu wamepiga kura mara mbili, mwaka huu watapiga tena."

Mayunga akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea. "Kumi na nne huyu. Kumi na tano bado," akasema, akafungua kalamu akaandika kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani: 14.

Ilimchukua muda wa kufungua kalamu tu. Gloria akafurahi, akasema mmeona jinsi alivyomsikiliza mtoto, akatumia alichonacho mtoto mwenyewe, makofi tafadhali. Yakapigwa. Mimi nilikuwa naitazama ile kumi na nne. Miaka minne sikuwa nimeiona ikiandikwa.

Nilipoinua macho nikamwona Afande Paschal hapigi makofi.

Alinifuata nje wakati wa mapumziko. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio wa michongoma, ambako nyuzi za pamba zinazodondoka kwenye malori zilikuwa zimenasa.

"Habari ya kampeni nilikwambia mimi," akasema. "Habari ya mkunga na gari sikukwambia. Hiyo ameisema mama yake kituoni, na nimeiandika mimi peke yangu. Wewe umeitoa wapi?"

"Kwa mtoto."

"Lini?"

"Siku nilipoandika ile kadi."

Akatikisa kichwa polepole. Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu. Akasema tu, "Kesho saa nne uje kituoni. Mtoto anakufahamu, pengine akikuona atafungua mdomo. Na wewe utaandika maelezo."

"Nikiandika maelezo nitafukuzwa kazi, afande."

"Inawezekana."

"Na wale wa Jumanne hawatakuja tena. Watajifichia porini. Wewe hukumwona Salu."

"Sikumwona," akasema. "Lakini huyu nimemwona."

Jioni ile nilimpigia Mayige. Nilimweleza yote, naye akanisikiliza bila kunikatiza, redio ikiimba nyuma yake.

"Ukifungua moja unafungua zote, Violeth. Watataka rejista nzima."

"Najua, daktari."

"Mimi sikumbuki kama nilikuambia uandike kitu."

"Ulikuwa unapanga dawa."

"Kupanga dawa ni kazi yangu," akasema, akanitakia usiku mwema. Sikumchukia. Nilidhani ningemchukia, nikajilaza chali pale gesti nikingoja chuki ije, usingizi ukaitangulia.

Siku ya tatu ilikuwa ya vyeti. Nilimuaga Gloria kabla ya saa nne, akanisikitikia kwamba nitakosa picha ya pamoja.

Nje ya kituo cha polisi Marcelo alikuwa amekaa kwenye benchi, shati limepigwa pasi, kofia juu ya goti. Aliponiona akasimama kwa heshima. "Sista. Afadhali umekuja, wewe utawaeleza hawa." Akanipisha njia.

Ndani kulikuwa na chumba kidogo chenye meza na viti. Lucy, ofisa ustawi wa jamii, alikuwa ameshakaa. Paschal alikuwa pembeni na karatasi zake. Milembe, mama yake Nyamizi, alikuwa ukutani, mwanamke mkavu wa jua, miguu ina nyufa za mtu aliyetembea sana. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu, akainama kidogo, kwa sababu mimi ni nesi na hakuna aliyemwambia kadi iliandikwa na nani. Nikaitikia mwangaluka. Nilishindwa kumtazama, nikamtazama binti.

Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, gauni jipya la kuazima, tumbo likiwa limemtangulia. Uso wake ulikuwa umefungwa kabisa. Akaniona. Ukafunguka. Sijawahi kuonwa na mtu kwa namna ile, hata na wanangu wa kuwazaa. Alikuwa amekaa siku tano na watu asiowajua, na sasa nimekuja mimi.

Lucy alifuata kila kitu tulichofundishwa. Alikaa chini kidogo kuliko mtoto, hakuharakisha, alimwambia hana kosa, hakumtilia maneno mdomoni. Paschal alikuwa anatafsiri kwa Kisukuma. Kisha Lucy akauliza, polepole, "Nyamizi, una miaka mingapi?"

Nyamizi hakumtazama Lucy. Alinitazama mimi, akakaa wima.

"Kumi na nane," akasema. Kwa Kiswahili.

"Ng'wanone!" mama yake akalia. "Mwanangu, unasema nini?"

Nyamizi akashtuka kidogo, lakini macho hayakuniacha. "Sikusahau, mayu," akaniambia. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtoto aliyejibu swali la mwalimu mbele ya darasa, naye hajawahi kuwa na mwalimu wala darasa, ana mimi tu.

Hapo ndipo iliponiuma. Mguu uliokufa ganzi ukiamka ndipo unapojua ulikuwa unaukalia muda gani. Niliona aibu, nikamwonea Nyamizi huruma, nikamwona na Salu palepale, na nikatamani sana kuwa nje kwenye benchi na watu waovu kuliko kuwa mle ndani.

"Umejibu vizuri," nikamwambia kwa Kisukuma, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha na sikutaka ajue kwa wakati ule kwamba amekosea. "Sasa ni zamu yangu kuulizwa." Nikamgeukia Paschal. "Afande, niandike mimi kwanza. Nitasema kadi hii ilivyoandikwa, na nyingine zote."

Paschal akavuta karatasi mpya, akapiga mstari. Nilivuta kiti nikakaa karibu na Nyamizi, bega kwa bega, sote wawili tukimwangalia askari.

"Jina kamili?"

Nikalitaja.

"Umri?"

Nilifungua mdomo sauti ikagoma kutoka. Machozi yalikuwa yananitoka, miaka yote ile kwa mpigo, na Paschal akainua kalamu akangoja.

Nyamizi akaniangalia. Aliona nimekwama mbele ya polisi, na yeye alikuwa na dawa ya jambo hilo. Akasogeza mdomo karibu na sikio langu, akaushika mkono wangu kwa vidole vyake vyenye mikwaruzo.

"Sema kumi na nane," akaninong'oneza. "Hawatakufanya kitu."

"Arobaini na moja," nikasema, na Paschal akaandika.